Likizo za kijijini zamani: tulikuwa tunafanya nini, na kwa nini watoto wa sasa wanachoka siku ya tatu

Mleta uzi ameuliza mambo mawili kwa mpigo: sisi wa zamani tulikuwa tunafanya nini hasa tukipelekwa kijijini likizo, na kwa nini watoto wake aliowapeleka Krismasi iliyopita walianza kulilia kurudi mjini siku ya tatu tu. Naanza na la kwanza, maana la pili jibu lake limo humo humo. Kaeni mkao, ni ndefu.

Kwetu ni Marangu, Kilimanjaro. Nimezaliwa Dar, nimesoma Dar, ila likizo zangu karibu zote kuanzia mwisho wa miaka ya 80 hadi katikati ya 90 zimeliwa kule mlimani. Wengi mkisikia Mchaga na kwenda kwao mnafikiria Desemba, mabasi yamejaa, nauli zimepanda na utani wa kila mwaka kwamba mji umebaki mtupu. Desemba tulikwenda, ndiyo. Lakini sisi watoto tulikuwa tunapelekwa hata Juni, tena bila wazazi, na hiyo ya Juni ndiyo iliyotufanya tuijue Marangu. Desemba ni sherehe. Juni hakuna sherehe, kuna baridi na kazi.

Safari zenyewe mara nyingi zilikuwa za treni. Siku hizo treni ya abiria ya Dar hadi Moshi ilikuwepo. Mama anaandaa chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai, tunafika stesheni, anaangaza macho behewani mpaka apate mama mtu mzima ambaye lafudhi yake inamsaliti anatoka wapi. Salamu mbili tatu, kisha: "Dada, nakuachia hawa, babu yao anawapokea Moshi." Basi, umekabidhiwa. Hakuna namba ya simu wala nini, na yule mama atakusimamia mpaka asubuhi, hata kukuchapa kofi ukichungulia sana dirishani.

Treni inatoka Dar na Reli ya Kati mpaka Ruvu, pale inaiacha njia ya bara na kukata kaskazini, inakwenda kuungana na reli ya Tanga. Korogwe mnafika usiku, wauza machungwa wanapita chini ya madirisha na taa za chemli. Alfajiri mko upande wa Same, milima ya Upare iko kulia kwenu, nyeusi, na mkonge kila mahali. Baadaye mtu mmoja behewani anasema "ule pale", na wote mnahamia upande mmoja kukitafuta Kibo, kile kilele chenye theluji cha Mlima Kilimanjaro. Kama mawingu yamewahi, hamuoni kitu. Treni hiyo ilikufa miaka ya 90 na ikarudi Desemba 2019. Ilipoanza tena niliwapandisha wanangu makusudi. Walilala njia nzima.

Kutoka Moshi mjini ni pikapu mpaka Marangu Mtoni, halafu miguu. Na hapa kwenye miguu ndipo shule ya kwanza ilipoanzia. Njia ya kupanda kwetu inapita katikati ya vihamba vya watu, kila mlango lazima usimame usalimie, na kila mzee lazima akuulize wewe ni wa nani. Ukijibu jina la baba yako tu, jibu halijakamilika. Wanataka baba yako, baba yake, na ni wa nyumba ipi, kwa sababu babu mzaa babu alikuwa na wake wawili. Ukikosea, bibi mmoja pale kona alikuwa anakurudisha nyuma uanze upya kama mtoto wa kipaimara aliyesahau Amri Kumi. Kufika nyumbani ilikuwa inachukua muda kuliko ilivyostahili, na ukifika taarifa zako zimeshakutangulia: umekua, umekonda, begi lako jekundu.

Kwa wasiopajua, kihamba ni shamba na ni makazi hapo hapo. Nyumba iko katikati ya migomba. Chini ya migomba kuna mibuni, chini ya mibuni kuna magimbi na maharage, na juu ya vyote mmeachwa miti mikubwa kama mruka na mringaringa kwa ajili ya kivuli na mbao. Mpaka wa kihamba ni masale, ile mimea ya majani marefu tunayoiheshimu Wachaga, na masale hayo hayo ndiyo yako kwenye makaburi, maana wazee wamezikwa hapo hapo, hatua chache kutoka jikoni. Mtoto wa mjini usiku wa kwanza hataki kwenda chooni peke yake. Usiku wa nne anakwenda, hana habari.

Na mambo ya urithi wa kihamba yanaeleza kwa nini sisi tulizaliwa Dar. Kwa desturi ya kwetu kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, mkubwa naye anapewa chake. Wa katikati ajitafutie. Zamani alikwenda kufyeka kihamba kipya, lakini mlima ulishajaa, pa kufyeka hakuna. Baba yangu ni wa katikati. Nusu ya Wachaga mnaowakuta na maduka huko mikoani ni wa katikati, waulizeni.

Sasa kazi. Hapa ndugu zangu ndipo penyewe.

Ng'ombe wa kwetu hatoki nje kuchunga, pa kuchungia hakuna. Analala na kula bandani, kwa hiyo majani yanamfuata yeye. Sehemu yanatoka kihambani, migomba iliyokwisha kuvunwa inakatwakatwa vipande anapewa. Lakini haitoshi, lazima kushuka tambarare, kule chini kwenye mashamba ya mahindi, kukata nyasi na kupanda nazo kichwani. Mzigo unafungwa kwa kamba ya mgomba, chini unaweka ngata, na unaanza kupanda mlima na jua linakuchoma kisogo. Binamu zangu wa kike wenye miaka kumi walikuwa wanabeba mzigo ambao mimi nilishindwa kuuinua kutoka chini. Walinicheka wakanipunguzia, na nilipofika nyumbani na kifurushi changu, bibi alisema ng'ombe leo atapata kitafunwa.

Samadi ya ng'ombe huyo inatolewa bandani kila asubuhi inakwenda kwenye migomba. Mgomba unatoa ndizi za watu na chakula cha ng'ombe. Kwa hiyo rutuba ya tambarare inapandishwa juu kwa vichwa vya wanawake na watoto, kila siku, miaka na miaka. Hili sikulisoma mahali, nimelibeba. Watu wanaposifia kihamba eti ni kilimo cha ajabu cha mlimani, sawa, lakini wataje na shingo za kina mama.

Maji: kuna mifongo, mifereji ya kuchimbwa inayotoa maji mitoni juu huko na kuyatembeza kwenye mgongo wa mlima mpaka vihambani, kazi ya mababu, bila saruji wala pampu. Ya kunywa unachota alfajiri kabla watu hawajayatibua. Ya kumwagilia ni kwa zamu, kila nyumba na saa zake, na kuna siku ya kusafisha mfongo ambayo asiyefika anatozwa. Sisi wavulana kazi yetu tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa kulinda zamu. Usiku mnaambatana na baba mdogo na tochi mpaka juu, kwa sababu ukifungulia maji kwako ukarudi kulala, kuna jirani mwenye mkono mrefu atayageuzia kwake kwa bonge moja la udongo na mgomba. Mnakaa pale, baridi inakata, baba mdogo anasimulia kesi za maji za tangu enzi za Mangi, yaani chifu wa Kichaga, nani alimpiga nani jembe. Kesho yake kanisani unamwona yule yule jirani anaimba kwaya.

Kahawa nayo. Unachuma nyekundu tu, ukichuma ya kijani bibi anaiona hata ikiwa chini ya ndoo. Jioni ile ile inapita kwenye mashine ya kukoboa, ya kuzungusha kwa mkono, mmoja anamimina maji, mwingine anazungusha, wa tatu anakusanya maganda. Inalala kwenye ndoo siku moja mbili mpaka ule utelezi uachie, inaoshwa, zinazoelea zinatolewa, halafu kichanjani kuanikwa. Mtoto mmoja anaachwa kuangalia mvua. Likianguka tone moja unapiga yowe, nyumba nzima inatoka kufunika. Ikikauka inapelekwa chama cha msingi, ushirika wa wakulima wa pale kijijini, inapimwa, mnapewa stakabadhi, na hela inakuja kwa mafungu, fungu la kwanza, la pili, ukibahatika na la tatu. Ushirika mkuu wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, ni wa tangu 1933, na kwa babu kadi ya ushirika ilikuwa inakaa ndani ya Biblia.

Miaka ile ile niliyokuwa nakwenda ndiyo bei ilipoanguka. Mkataba wa kimataifa wa kahawa, uliokuwa unashikilia bei kwa kuwekea nchi viwango vya kuuza, ulivunjika 1989. Mtoto hawezi kuyajua hayo, ila niliona mabadiliko nyumbani. Mwanzoni babu alikuwa anasema ada ya fulani iko mtini. Baadaye akawa hasemi. Baba mdogo akaanza kupanda nyanya katikati ya mibuni, wakagombana, babu akasusa kula kwake wiki nzima. Leo sehemu kubwa ya mibuni ile haipo, na huwezi kumlaumu aliyeing'oa.

Malipo yetu sisi watoto yalikuwa kahawa zilizodondoka chini. Hizo ni zako, okota, anika, uza. Ndiyo hela tuliyonunulia maandazi siku ya soko, na hakuna mzazi aliyekuuliza umeitumiaje.

Chakula sitakipamba sana, kila Mchaga humu atakuja kutaja mtori. Mtori tulikula, ila nyama ilikuwa ya sikukuu. Siku za kawaida ni kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, asubuhi na jioni, na maziwa ya mgando. Wiki ya kwanza unalia wali. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya siku ya kwanza ikiwa bado tamu, kabla haijakolea, tulipewa kidogo kwenye kata. Naikumbuka zaidi kazi yake: kumenya ndizi mbivu debe zima, kukaa motoni zichemke mpaka ziwe rangi ya udongo mwekundu, na kusaga ulezi.

Desemba sasa. Wazazi wanapanda, magari yanajaa, kijiji kinabadilika sura. Nitataja mawili tu.

La kwanza ni mnada wa kanisani. Kwetu ni Walutheri, na waliokulia huko wanajua kuwa sadaka si hela tu. Watu wanaleta mkungu wa ndizi, mayai, kuku, boga, na ibada ikiisha vinanadiwa pale nje. Jumapili za Juni kuku anauzwa bei ya kuku. Jumapili ya Desemba, wakiwepo watu wa Dar na Arusha, kuku huyo huyo ananunuliwa, mnunuzi anasema "narudisha", ananadiwa tena, mwingine ananunua naye anarudisha, mpaka kuku mwenyewe anachoka kunyanyuliwa. Ndipo ulipojua nani mwaka wake umekwenda vizuri. Baba alikuwa ananunua yai moja, anarudisha, anakaa. Mama alikuwa haangalii upande ule.

La pili ni mbuzi na kikao. Mbuzi akichinjwa, nyama haigawiwi ovyo, kila kipande kina mwenyewe. Kwetu kidari hakigusi mtu kabla ya babu, mgongo ni wa bibi, na shangazi walioolewa wana sehemu yao inayopelekwa mpaka walipo. Wapelekaji ni sisi watoto. Unapewa nyama kwenye jani la mgomba, unaambiwa peleka kwa shangazi fulani, mpe kwa mikono miwili, sema inatoka kwa nani. Kwa njia hiyo nilizijua nyumba za shangazi zangu wote, na ndoa zao zilivyo, maana kuna nyumba unafika unaona. Damu inakuwa kisusio, yaani supu yake, wanaume wanakinywa wamesimama. Kesho yake kikao cha ukoo: nani anadaiwa, mpaka wa nani umesogea, mtoto wa nani amefaulu hana ada. Watoto tunakaa nyuma, hatuongei, ila tunasikia kila kitu. Nilijua ugomvi wa ardhi wa baba zangu miaka mingi kabla hawajaniambia.

Nisiwadanganye kwamba yote yalikuwa asali. Dada yangu tunayefuatana akisoma huu uzi atanipigia simu. Yeye likizo hizo hazikumbuki kwa mapenzi. Wakati mimi niko mfongoni na tochi nasikiliza hadithi, yeye yuko jikoni kwenye moshi mpaka macho yamevimba. Nyasi alibeba zaidi yangu. Mgao wa nyama aliupeleka, ila siku mambo ya vihamba yanapozungumzwa, jina lake halikutajwa, na alikuwa na masikio kama mimi. Juni hii ninayoisifia yeye anaiita kambi. Wanawake wengi wa rika letu ukiwauliza vizuri watakwambia hivyo hivyo, kwa hiyo tukikaa hapa kusifia zamani tujue ni nani anasifia. Na funza tulipata, miguuni, bibi akitutoa kwa pini ya kuchoma motoni.

Turudi kwa watoto wa mleta uzi. Umesema uliwapeleka siku tano, wakalala kwenye nyumba uliyojenga, wakaletewa soda, wakasalimiwa na watu wasiowajua, ikaisha. Mkuu, hao walikuwa wageni. Mgeni hachoki kwa sababu kijiji kibaya, anachoka kwa sababu hana la kufanya wala hakuna anayemhitaji. Sisi siku ya tatu tulikuwa na zamu ya banda. Usipotoa samadi mtu anakuja kukuita kwa jina lako na la babu yako.

Ila niseme na la upande wa pili, maana humu kuna watu watakuja na hadithi ya watoto wa siku hizi kudekezwa. Kijiji chenyewe kimebadilika. Maji ya bomba yamefika nyumba nyingi, na hilo ni jema. Kahawa imepungua. Na watoto wenzao hawapo! Sisi tulikuwa tunakuta binamu tele pale uwanjani, kila rika. Leo binamu hao wako Arusha, Mwanza na Dar kama wao, na kule juu kuna majumba ya vigae na geti kubwa, yamefungwa mwaka mzima, anakaa mlinzi na mbwa. Unampeleka mtoto akacheze na nani?

Mimi nimefanya hivi, na sisemi ni dawa ya kila mtu. Wanangu wakubwa nawapeleka Juni, siyo Desemba tu, na mimi mwenyewe siendi kukaa nao. Wanafikia kwa baba yangu mdogo, siyo kwenye nyumba yangu. Nilikubaliana naye wiki mbili tatu, nikampa hela ya chakula ili wasiwe mzigo, na nikamwomba asiwahurumie. Tunapanga na ndugu zangu wawili ili watoto wetu wafike kwa pamoja, wawepo sita saba, hapo mchezo unakuwepo. Kila mmoja ana kazi, wa kike na wa kiume sawa, jikoni na bandani, hilo niliahidiana na dada. Wa kwanza alinunuliwa mbuzi jike, yuko kwa babu yake mdogo. Tangu hapo yeye ndiye anayepiga simu kuuliza habari za Marangu, mbuzi amezaa au bado. Wa pili bado hapendi, analalamika mwanzo mwisho, ila nyumba za shangazi zote anazijua.

Simu nawaachia. Kuwanyang'anya ni kuanzisha vita, na mtandao kule siku za mawingu unajikata wenyewe.

Kwa atakayejaribu Juni: kule kunakuwa na ukungu na manyunyu siku nzima wakati mwingine, jua unaweza usilione siku mbili tatu, kwa hiyo sweta mbili, soksi na buti za mvua. Nguo za kazi ziwe zile ambazo huzihitaji tena, kwa sababu utomvu wa mgomba ukishakauka kwenye nguo hautoki kwa sabuni yoyote niliyowahi kuijaribu. Za kanisani ziwekeni kwenye begi lao peke yake, na watoto waambieni mapema wasilale na madirisha wazi.